Betri ya roboti ndogo ya mapigano: anza na dakika tatu

Ndugu zangu, karibuni. Walioniwahi pale mlangoni wameuliza swali moja: betri kubwa kiasi gani? Jibu langu ni kwamba ndogo kuliko mnavyodhani.

Pambano kwa kawaida halizidi dakika 3, yaani sehemu moja ya ishirini ya saa. Chukueni roboti ya paundi moja, gramu 454. Tuseme mota za magurudumu na ya silaha kwa pamoja zinavuta wastani wa ampea 4. Gawanya kwa 20, unapata ampea-saa 0.2, yaani miliampea-saa 200. Basi! Lakini betri ya lithiamu-polima haikamuliwi mpaka mwisho. Itumie asilimia 80 tu. Hapo umefika 250, na mwenye wasiwasi achukue 450. Anayekuja na betri ya 1,000 anabeba gramu ambazo zingenenepesha silaha yake.

Ila wastani huficha mambo. Silaha inapoanza kuzunguka, au roboti mbili zinaposukumana hadi magurudumu yakakwama, mkondo hupanda ghafla. Hapo ndipo tunaitazama ile herufi C kwenye lebo, kipimo cha mkondo ambao betri inaweza kutoa ikilinganishwa na ukubwa wake. Zidisha namba yake kwa ampea-saa: betri ya 450, yaani ampea-saa 0.45, yenye C 75 inadai kutoa karibu ampea 34. Mimi dai hilo hulikata nusu, maana lebo hizi zinapenda kujisifu. Betri ikizidiwa, volti huporomoka, kipokea mawimbi kinazimika, roboti inasimama katikati ya uwanja. Mwenyewe anabaki kulaumu rimoti!

Volti nazo. Seli moja huhesabiwa 3.7, ikijaa 4.2. Wanaoanza hutumia seli 2 au 3 zilizounganishwa kwa kufuatana, volti zake zikijumlishwa. Usiongeze seli kwa tamaa ya kasi: mota iliyokwama hula nguvu kwa mraba wa volti, hivyo kutoka seli 2 hadi 3 ni mara 2.25. Vimota vya gia huungua hivyo. Soma kwanza kidhibiti mwendo chako kinaruhusu seli ngapi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Betri hizi hazina ganda gumu, ni mfuko laini. Ncha ya skrubu ikiutoboa, mfuko unaweza kuwaka, na moshi wake si wa kuvuta. Kwa hiyo izungushieni sponji, muiweke mbali na kingo za bodi, na skrubu yoyote inayoielekea ifupishwe. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama "bado inafanya kazi". Anayeogopa moto sana atafute lithiamu-fosfeti ya chuma. Ni nzito zaidi na seli yake ina volti 3.2 tu, lakini haiwaki kirahisi.

Chaja iwe ya kusawazisha seli, na mkondo usizidi C 1: kwa betri ya 450, ampea 0.45. Usiiache ikichaji peke yake. Seli isishuke chini ya volti 3, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8. Kuchaji kwa C 1 huchukua kama saa nzima, na zamu yako ya pili inaweza kuitwa kabla. Nunueni mbili zinazofanana, si moja kubwa.

Haya, maswali. Mita ya volti iko hapa mezani kwa aliyekuja na betri yake.