Umekuja na nani? Familia na safari ya mzee kuelekea goti jipya

Mhadhara kwa wastaafu na familia zao, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mliowasindikiza, ahsanteni kwa kuja, maana ninayotaka kusema leo yanawahusu nyinyi pengine kuliko wao.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kuwasimamisha watu waliowekewa nyonga au goti bandia: wakae vipi, wasimame vipi, washuke ngazi vipi. Mzee akiingia kliniki anachechemea, kabla sijashika picha ya eksirei namwuliza, "Umekuja na nani?" Wengine hudhani ninawasalimu tu. Lakini jibu lile linanieleza kama huyu atafika chumba cha upasuaji au atarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na mara nyingi linanieleza vizuri kuliko eksirei.

Tuelewane kwanza kinachobadilishwa. Mwisho wa mifupa, pale inapokutana, kuna gegedu, ile sehemu nyeupe inayoteleza mnayoiona mkitenganisha paja la kuku. Ikilika, mfupa unasuguana na mfupa. Mtaani tunasema goti limesagika. Mazoezi, kupunguza uzito na dawa vinaweza kumsogeza mtu miaka mingi. Vikishindwa, daktari bingwa wa mifupa anaondoa sehemu zilizoharibika na kuweka za chuma na plastiki ngumu. Kwa upande wa nyonga, msingi wa kazi hii aliuweka daktari Mwingereza John Charnley mwaka 1962. Hapa nchini inafanyika MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, inafanyika hospitali ya KCMC Moshi. Kiungo kilichowekwa vizuri hudumu miaka 15, 20, na vingi hupita hapo. Mama wa miaka 68 anaweza kumaliza umri wake kabla goti lile halijachakaa.

Sasa mbona wengi hawalifikii? Tutasema pesa, na ni kweli, kiungo chenyewe kinatoka nje na gharama inafika mamilioni. Lakini nimeona familia zenye uwezo ambazo mzee wao anatambaa, na nimeona familia za wavuvi zilizochangishana mpaka mama akasimama. Nitawaeleza ya shangazi yangu wa Pangani.

Kila Idi nilipokwenda kumwamkia nilimwuliza, "Shangazi, goti vipi?" Jibu lilikuwa lilelile: "Halijambo, mwanangu, Mungu anasaidia." Miaka saba. Siku moja nililala kwake. Alfajiri nikasikia kitu kinaburuzwa. Nikachungulia uani. Shangazi alikuwa anashuka ngazi tatu za nyuma ya nyumba kwa makalio, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza, birika la maji ya udhu amelishika mkono wa kulia, halimwagiki. Alikwisha kuzoea. Aliponiona aliona haya, akaniambia, "Usiwaambie wenzio."

Baadaye ndipo nikajua alikuwa amewasikia wanawe wakizozana kuhusu ada za shule. Akajiambia goti lake lisije likala ada ya wajukuu. Hivyo, ndugu zangu, msipokee "sijambo" ya mzazi kama jibu. Mtazameni akiinuka kwenye kiti. Hesabuni mara anazoamka usiku. Tazameni kama bado anakwenda msibani na harusini, au siku hizi anatuma salamu tu.

Tukaita kikao. Tulikaa saba sebuleni. Mmoja akasema mtu wa umri ule akipasuliwa hainuki. Mwingine akasema tumtafutie kwanza mtu wa kumkanda kwa mafuta. Mwanawe mkubwa yuko Muscat, ndiye mwenye pesa, na mnajua kwetu mwenye pesa ndiye mwenye neno la mwisho. Kwenye simu akasema tusubiri, mama alimwambia hajambo. Nikatazama pale sebuleni, mwenye goti hayupo. Yuko jikoni, anatuchemshia chai! Tulikuwa tunaujadili mguu wa mtu mwenye akili zake timamu, na hakuna aliyemwuliza anataka nini. Tukamwita. Nikamwomba ruhusa, nikampiga video akishuka zile ngazi, ikapelekwa Muscat. Kijana yule hakupiga simu siku ile. Alipiga kesho yake asubuhi, sauti imemkauka, akauliza miadi ni lini.

Shangazi naye alikuwa na swali lake, na halikuwa la pesa wala la kufa. Aliuliza, "Nitasujudu?" Daktari alimwambia ukweli kwamba goti bandia linakunjika vizuri, lakini wengi hawawezi kupiga magoti nalo kwa raha. Akanyamaza. Aliyemtoa kwenye ukimya ule ni mjukuu wake aliyesoma madrasa, aliyekaa naye jioni akamkumbusha kwamba mwenye udhuru anasali ameketi na sala yake ni kamili. Sisi wa hospitali tusingeweza kumjibu hivyo akaridhika.

Kuna jambo lililoniuma katika safari ile, na hospitali yenyewe sitaitaja. Fomu ya kukubali upasuaji alipewa mpwa wangu asaini, shangazi kakaa kando, miwani usoni, anasoma vizuri kabisa. Ridhaa ni ya mgonjwa. Ndugu anasaini pale mgonjwa asipoweza. Mkipewa karatasi ile, mpelekeeni mwenye mguu.

Niguse bima. Kwa utaratibu wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, tuliouzoea, mtumishi anajiandikisha yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwao. Mwenye watoto wanne nafasi zimejaa. Kwa hiyo ndugu mketi, mgawane wazazi: huyu amchukue baba, yule amchukue mama, kabla goti halijawa dharura. Na mwulize mapema kama bima inalipia kiungo chenyewe na kwa kiasi gani.

Hospitali inaweza pia kuomba ndugu wachangie damu. Hilo halihitaji pesa hata shilingi, na hapo ndipo utaona ukoo mkubwa wa kwenye WhatsApp unabaki watu wawili.

Lakini linaloamua zaidi ni swali moja: nani atakaa naye wiki sita? Mgonjwa wa goti au nyonga husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, halafu siku chache baadaye anarudi nyumbani, na nyumbani ndiko kazi iliko. Mwenye nyonga mpya kwa kawaida huambiwa asikalie kitu cha chini, maana nyonga ikikunjwa sana inaweza kuchomoka. Basi fikirini nyumba zetu: kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, mkeka, choo cha kuchuchumaa. Vyote vya chini! Lazima mtu atafute kiti cha choo, ainue kitanda kwa matofali, akunje ule mkeka wa mlangoni usije ukamwangusha mwenye magongo.

Na mwenye goti jipya, jamani, mapenzi yenu yanaweza kumlemaza. Nakwenda nyumbani kwa mgonjwa nakuta mto laini umewekwa chini ya goti. Kauweka binti yake, kwa huruma, kwa sababu mama anaumia na mguu ukikunjwa kidogo anapata nafuu. Goti likizoea kupinda hivyo, kulinyoosha tena ni kazi kubwa. Mto ukae chini ya kisigino, goti lining'inie linyooke. Linauma, najua. Mpeni dawa ya maumivu kwa wakati, halafu mazoezi. Maneno "pole mama, pumzika, leo usifanye" yakirudiwa siku kumi yanaharibu kilicholipiwa mamilioni. Shangazi alisimamiwa na kitukuu wa miaka tisa aliyemhesabia kukunja na kunyoosha, na akiruka namba anarudishwa mwanzo.

Kina mama wana mzigo wa ziada, na si kwetu tu. Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wanawake wenye uhitaji walikuwa wanaukosa upasuaji huu zaidi ya mara tatu ya wanaume. Sababu ni nyingi. Ninayokutana nayo mimi kila wiki ni hii: bibi ndiye anayemwuguza babu na kulea wajukuu, sasa akilazwa yeye, nani ashike nyumba? Kumpa mama nafasi ya kutibiwa kunaanza na mtu mwingine kuchukua sufuria.

Na mzee akianguka bafuni akashindwa kusimama, hilo si la kikao. Nyonga inaweza kuwa imevunjika. Msimpeleke kukandwa. Akilala wiki mbili anapata vidonda vya mgongoni, kifua kinajaa, na wengi tunawapoteza hapo. Hospitali siku ileile.

(Mzee mmoja ukumbini akanyoosha mkono: "Mwanangu, mimi sina mtoto. Nikija kwako ukiniuliza nimekuja na nani, nitakujibu nini?")

Ahsante, babu. Sera ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, kwa hiyo anzia dirisha la wazee, kisha omba kumwona afisa ustawi wa jamii, yupo hospitalini kwa ajili yako. Lakini msamaha hauji na mtu wa kukupikia uji, na hapa sisi watoa huduma tuna deni kwenu, tusimrudishe mtu kwa sababu tu benchi lake lina nafasi tupu. Nyumba ya pili yako anakaa nani? Muuza mkaa? Mnasalimiana kila siku? Basi njoo naye. Mimi nitamwonyesha yeye namna ya kukuinua kitandani. Somo lile ni la nusu saa, na sihitaji kujua kama mna damu moja.