Simu Ikae Mkononi Mwake

MPWA: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Hujambo? Biashara?

MPWA: Namshukuru Mungu. Wasikilizaji, karibuni. Kwa mliojiunga leo: mimi nauza na kutengeneza simu, shangazi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kila Jumamosi hukaa na kina mama wa kikoba chake kule Mbagala, anawafundisha kutumia intaneti. Leo tunawazungumzia wanaoanza: kufungua tovuti, kufuata habari na kununua vitu. Shangazi, tuanzie wapi?

SHANGAZI: Tuanze na linaloniuma. Mama anamwuliza mwanawe, "Hii tovuti naifunguaje?" Mtoto anaichukua simu, vidole vinakimbia, anamrudishia: "Hiyo hapo." Mama anashukuru. Kesho anauliza lile lile, na mtoto anasema mama haelewi. Ataelewaje, naye hakuona kitu?

MPWA: Dukani hata mimi nilikuwa nafanya hivyo. Mteja yuko mbele yangu, wengine wanasubiri, nachukua simu namalizia mwenyewe.

SHANGAZI: Na anaondoka akiamini kwamba simu ni yake ila matumizi ni ya vijana. Darasani kwangu simu haitoki mkononi mwa mwenyewe. Mimi naelekeza kwa kidole, kioo sikigusi. Na somo la kwanza si kutafuta, ni kurudi nyuma. Mshale wa kurudi uko wapi, ukurasa unafungwaje. Mtu akishajua mlango wa kutokea, hofu ya kuingia inapungua.

MPWA: Wasimulie ile ya ukurasa mwekundu.

SHANGAZI: Mama mmoja alikuwa anasoma mapishi. Ghafla kioo chote kikawa chekundu: "Simu yako ina virusi 14! Bonyeza hapa sasa hivi!" Simu inatetemeka, inalia. Akaiweka mezani kifudifudi, akasogeza na kiti nyuma kabisa. Alikuwa anatetemeka, mwanangu. Nikamwambia ishike tena, ni yako. Juu pale kwenye Chrome, ile programu ya kufungulia tovuti, kuna kijisanduku chenye namba ndani. Gusa. Kurasa zote zikajipanga kama kadi. Ule mwekundu una alama ya X, gusa. Ukatoweka.

MPWA: Lile ni tangazo tu lililovaa sura ya onyo. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuingia ndani ya simu yako na kuhesabu virusi. Wenye tangazo wanachotaka ni ubonyeze, upakue programu yao, hapo ndipo madhara yanapoanzia.

SHANGAZI: Nikamwomba aufungue tena ule ukurasa wa mapishi, tangazo lije tena, alifunge mwenyewe. Alifunga mara tatu. Mara ya tatu hata hakunitazama.

MPWA: Twende kwenye anwani. Hili nalipigia kelele kila siku, kwa sababu watu wengi wanatazama rangi na nembo, na nembo hunakiliwa kwa dakika moja.

SHANGAZI: Wewe eleza ufundi, mimi nitaeleza kwa njia ya kina mama.

MPWA: Chukua tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Anwani yake ni portal.ajira.go.tz. Mbele inatanguliwa na https na mikwaju miwili, ile mistari iliyoinama, hiyo ruka. Kisha tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata. Kama haupo, nenda mwisho wa anwani. Kutoka hapo soma kurudi nyuma, kuelekea kushoto. Tz ni Tanzania. Go ni serikali, wewe na mimi hatuwezi kuisajili. Ajira ndilo jina lenyewe.

SHANGAZI: Mimi nawaambia hivi. Kijana akija kuposa, anaweza kujiita jina lolote zuri. Sisi mashangazi tunauliza: wa ukoo gani? Na jina la ukoo liko mwisho.

MPWA: Sasa sikilizeni. Mtu anakutumia anwani: ajira, kistari, go, kistari, tz, halafu nukta, com. Macho yanaona "ajira go tz" yanaridhika. Lakini ukoo wake ni com, ambayo mtu yeyote duniani ananunua. Vile vistari si nukta. Au anaandika ajira nukta go nukta tz, halafu anaongeza nukta na jina lingine na com mwishoni. Mwanzo ni serikali, mwisho ni tapeli. Na vijana wanaotafuta kazi wanaambiwa walipie fomu elfu ishirini.

SHANGAZI: Hao ndio wanaonisikitisha kuliko wote. Kijana hana hata nauli.

MPWA: Na lile kufuli lililokuwa likionekana kando ya anwani lilipotosha wengi. Maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefumbwa, mtu wa njiani hayasomi. Halikuwa cheti cha uaminifu. Hata tapeli analipata bure. Google waliliondoa kwenye Chrome Septemba 2023, wakaweka alama nyingine, kwa sababu watu walikuwa wanalielewa vibaya. Kwa hiyo kama mtu alikufundisha "ukiona kufuli uko salama", somo hilo lifute.

SHANGAZI: Tuingie kwenye habari. Baba yangu, babu yako, alikuwa mtu wa redio. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, naye alikuwa na saa zake za kukaa na redio, na watoto tunanyamaza. Habari ilikuwa na mwanzo na mwisho. Sasa kina mama wananiambia: mwalimu, nikifungua simu habari haziishi, na sijui ipi ya leo na ipi ya mwaka juzi.

MPWA: Kwa sababu hazipangwi kwa saa. Facebook ilianzisha mlisho wake wa habari, ule mfululizo unaoshuka ukisogeza kidole, mwaka 2006, na mitandao mingine ikafuata njia hiyo. Unachoona juu kabisa ni kile ambacho mashine imekisia kitakufanya uendelee kuangalia. Inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Ukisimama muda mrefu kwenye ajali, kesho unaletewa ajali tano.

SHANGAZI: Mama mmoja aliacha kumruhusu mjukuu wake kupanda daladala. Kila akifungua simu ni ajali. Tukakaa naye tukazisoma tarehe moja moja. Nyingine zilikuwa za miaka ya nyuma, na moja wala haikuwa ya Tanzania. Mabasi yale usukani ulikuwa upande wa kushoto.

MPWA: Jicho la mwalimu hilo.

SHANGAZI: Jicho lilikuwa lake, ndiye aliyeuona usukani. Basi, ninachowafundisha ni kwenda kwenye habari badala ya kungoja habari ije. Chagueni vyombo viwili au vitatu: Mwananchi, BBC Swahili, DW Kiswahili. Fungua tovuti yenyewe, soma tarehe kabla ya kichwa cha habari. Kisha kwenye vile vidoti vitatu vya juu kuna chaguo la kuongeza ukurasa kwenye skrini ya mwanzo. Inakaa pale kama programu, unaigusa asubuhi, unasoma, unafunga.

MPWA: Na kwa anayetaka kusogea hatua moja, kuna mlisho wa RSS. Ni teknolojia ya mwaka 1999 na bado inafanya kazi. Unapakua programu kama Feedly, unaipa majina ya tovuti unazozitaka, inakukusanyia vichwa vya habari vyote kwa mpangilio wa saa, jipya juu. Hakuna anayekuchagulia.

SHANGAZI: Mimi ndiyo ninayotumia. Ila kwa anayeanza wiki ya kwanza, asihangaike nayo.

MPWA: Na za WhatsApp?

SHANGAZI: Tazama mishale. Ujumbe ukiwa umepita mikono mitano au zaidi, unakuja na mishale miwili juu yake. Maana yake aliyekutumia siye aliyeuandika, wala aliyemtumia yeye. Mimi nikiona mishale miwili na neno "sambaza haraka", kwangu unaishia hapo. Hata kama umetoka kwa mchungaji au kwa ustadhi, naye alitumiwa tu.

MPWA: Sasa kununua. Shangazi, una lako la kusimulia.

SHANGAZI: Ninalo. Nilitaka blenda. Nikaona ukurasa wa muuzaji, picha safi, watu wanasifia chini. Elfu themanini na tano. Nikamwuliza duka liko wapi, akajibu "Kariakoo", basi. Mtaa hakutaja. Akasema zimebaki mbili, kuna mtu anakuja kuchukua, nitume nusu anishikie. Nikatuma elfu arobaini kwenye namba ya simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamume na niliyekuwa naongea naye alijitambulisha kama dada. Nililiona jina lile, mwanangu. Nikabonyeza namba ya siri hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa naharakishwa. Jioni napiga, haipatikani. Kule kwenye ukurasa alishanibloku.

MPWA: Pole sana, shangazi. Na haikuwa uzembe. Dukani nasikia hadithi hii kutoka kwa madereva, manesi, hata watu wa benki. Silaha yao ni saa. "Zimebaki mbili", "ofa inaisha leo". Mtu akipewa nusu saa ya kufikiri, utapeli mwingi unakufa hapo hapo.

SHANGAZI: Kwa hiyo sasa, kabla ya shilingi kutoka, namwomba muuzaji vitu viwili. Cha kwanza, picha ya kitu hicho hicho leo, na kando yake kikaratasi kimeandikwa jina langu. Mwenye bidhaa dukani anapiga kwa dakika moja. Mwenye picha za kuokota anaanza kukasirika.

MPWA: Hiyo nimeiiba, nawaambia wateja wangu wote.

SHANGAZI: Cha pili, nalipa mzigo ukifika, niufungue kwanza. Nauli ya bodaboda nipo tayari kuilipa hata nikiukataa, maana yule kijana amekuja na mafuta yake.

MPWA: Kama muuzaji yuko mkoani na lazima utangulize pesa, angalau tumia lipa namba ya biashara. Ukiingiza namba na kiasi, kabla ya kuthibitisha jina litatokea. Hapo simama. Jina linafanana na la duka? Kama duka ni la vyombo na linakuja jina la mtu usiyemjua, uliza kwanza. Hapo bado pesa ni yako.

SHANGAZI: Lisome kwa sauti. Ukilisoma kimya macho yanaruka.

MPWA: Na jambo la namba ya siri, nitasema taratibu. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Mtu akisema amekutumia, weka namba yako ya siri ili iingie, anatoa, hatumi. Vivyo hivyo zile tarakimu zinazokuja kwa ujumbe ghafla: anayekupigia kukuomba umsomee anataka kuingia kwenye akaunti yako.

SHANGAZI: Na ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii"?

MPWA: Usijibu. Namba iliyoutuma iripoti kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, ni namba iliyowekwa kwa ajili hiyo. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika uifute, kwa sababu ikitumika kutapeli watu, jina ni lako.

SHANGAZI: Ile arobaini yangu nilienda kuiripoti. Haikurudi. Lakini nilienda, na nawaambia kina mama waende, wasikae na aibu nyumbani. Aibu ndiyo inayomlinda yule mtu.

MPWA: Blenda ulipata hatimaye?

SHANGAZI: Nilinunua dukani kwa miguu yangu. Ila wiki mbili zilizopita, yule mama wa ukurasa mwekundu alitaka blenda vilevile, mtandaoni. Nilitamani kumwambia aache. Nikajizuia. Akaomba picha na kikaratasi, ikaja, jina lake limekosewa herufi moja lakini ni lake. Bodaboda akafika saa tisa alasiri. Akamwambia, "Baba, nisubiri kidogo," akafungua boksi pale barazani, akavuta waya wa umeme mpaka mlangoni, akatia maji na nusu ya nyanya. Ikazunguka. Akatazama kitako kama panavuja. Ndipo akachukua simu, akaingiza lipa namba, jina likatokea, akalisoma kwa sauti mpaka dereva naye akalisikia. Likawa la duka lile lile. Akabonyeza.

MPWA: Na wewe ulikuwa wapi muda wote huo?

SHANGAZI: Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mikono nimeifunga ndani ya khanga.