Shusha Kwanza, Ndipo Uzime

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma na laptopu mapajani, hamjambo? Asanteni kwa kufika asubuhi hii ya Jumamosi. Nimeombwa nizungumze kuhusu faili zetu zilizo winguni, yaani kwenye kompyuta za makampuni tunazozifikia kwa intaneti, na hasa jinsi ya kuacha kuzipeleka huko bila kuzipoteza.

Niseme jambo lenyewe mapema. Kazi nyingi ninazoletewa nizitafute, ziwe picha za harusi, tasnifu au hesabu za chama, hazikuibwa na mdukuzi wala hazikufa na mashine. Zilipotea siku mwenyewe alipozima usawazishaji, yaani ule mpango wa kompyuta kuzifananisha faili zako na zile za winguni kila mara. Alichoka kuona bando likiyeyuka, akaingia kwenye mipangilio, akazima. Folda ikawa tupu mbele ya macho yake. Akashtuka, akaanza kubonyeza huku na huku, na katika kuhangaika kule akafuta kitu ambacho hadi dakika hiyo kilikuwa salama kabisa. Kuzima kwenyewe hakuna ubaya. Ubaya ni kuzima kabla ya kushusha, yaani kabla ya kuzirudisha faili kwenye kompyuta yako.

Tumefikaje hapa? Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wetu tumehamia mashine zenye Windows 11, mara nyingi zile zilizotumika Ulaya, tunazonunua Moi Avenue na Luthuli hapa Nairobi. Ukiiwasha mara ya kwanza na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili winguni, huingia nawe. Tangu 2024 watu wengi wamegundua kwamba folda zao za Desktop, Documents na Pictures zinapelekwa mtandaoni ilhali hawakumbuki kuulizwa. Nafasi ya bure ni GB 5 tu. Mtu akihamishia picha zake za miaka kumi, GB 5 hazifiki jioni. Viambatisho vya barua pepe za Outlook navyo huhesabiwa humo humo, kwa hiyo nafasi ikijaa hata barua pepe zinaweza kugoma kuingia. Hapo ndipo mtu husema basi, nazima.

Ana haki ya kuzima. Faili ni zake. Wengine hawataki hatimiliki na vyeti vya watoto vikae kwenye seva za watu, wengine hawana pesa za bando la kila siku, na wengine waliona tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini na intaneti ikazorota Kenya nzima, ilivyo vigumu kufungua barua yako mwenyewe kwa sababu imelala ng'ambo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo shida yote ilipo. OneDrive inapowashwa kwa folda ya Documents, haichukui nakala tu na kuipeleka mtandaoni. Inahamisha folda yenyewe. Zamani faili zako zilikaa kwenye diski C, ndani ya Users, ndani ya jina lako, kwenye Documents. Sasa ziko ndani ya jina lako, kisha OneDrive, kisha Documents. Kwa macho huoni tofauti, kwa sababu Windows inakuonyesha jina lile lile la Documents pale kando. Siku unapozima, jina lile linarudi kuelekeza kule kwa zamani, ambako hakuna kitu kwa kuwa vitu vilihamishwa. Ndiyo maana unaona patupu. Faili hazijafutwa. Zimebaki kwenye folda ya OneDrive, na mara nyingi utakuta kijia cha mkato (shortcut) kinachokuelekeza huko. Tatizo ni kwamba mtu aliyeshtuka hasomi.

Jambo la pili ni alama ndogo zilizo kando ya kila faili. Tangu 2017, OneDrive inaweza kukuonyesha faili ambayo haimo kwenye kompyuta yako hata kidogo. Jina lipo, ukubwa umeandikwa, hata picha ndogo unaiona, lakini faili yenyewe iko mtandaoni. Ukiona wingu dogo la buluu, faili hiyo haipo hapa. Ukiona alama ya vema ya kijani ndani ya duara jeupe, imeshushwa, ila kompyuta inaweza kuiondoa tena ikihitaji nafasi. Ukiona duara lililojaa kijani na vema jeupe ndani yake, hiyo umeamuru ikae hapa daima. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitaka kabla hatujagusa kitu kingine chochote.

Tuchukue mfano wa mama mweka hazina wa chama kule Umoja. Ana folda moja ndani ya Documents yenye michango, mikopo na kumbukumbu za mikutano. Kwanza anaifungua folda ya OneDrive, anabonyeza folda ya Documents kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na kuchagua maneno "Always keep on this device". Kisha anasubiri. Hapa ndipo watu hukosa subira. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, kushusha GB 20 huchukua takriban saa nne na nusu, tena kama stima haijapotea na jirani hatazami filamu kwa waifai hiyo hiyo. Ni kazi ya usiku. Aiache laptopu kwenye chaja, aizuie isilale, akalale yeye.

Asubuhi asiamini rangi peke yake. Abonyeze folda ile tena kwa kitufe cha kulia, aende chini kabisa kwenye Properties. Atakuta mistari miwili ya ukubwa: mmoja ni ukubwa wa faili, wa pili ni nafasi ambayo faili zinachukua kwenye diski. Kama folda inasema ina GB 6 lakini kwenye diski inachukua MB 300, basi nyingi bado ziko mtandaoni. Mistari hiyo miwili ikikaribiana, zimefika. Chini yake kuna idadi ya faili. Aiandike kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa makusudi.

Halafu anachomeka diski ya nje na kunakili folda nzima. Kunakili, si kukata. Ukikata faili kutoka ndani ya OneDrive na kuibandika nje, OneDrive huona umeifuta, nayo inaifuta mtandaoni na kwenye kompyuta nyingine zote zenye akaunti hiyo. Nakala ikikamilika, mama anahesabu tena idadi upande wa diski, analinganisha na karatasi, na anafungua faili chache: ya zamani kabisa, ya juzi, na ile kubwa kuliko zote. Jina la faili si ushahidi kwamba faili inafunguka.

Kuhusu diski hiyo ya nje, nawasihi sana. Ukiuziwa fleshi ya terabaiti 2 kwa shilingi mia chache, jua kwamba hiyo si terabaiti 2. Zimechezewa ili zijitangaze kubwa, na zikishajaa kwa uwezo wake halisi huendelea kupokea faili na kuziharibu kimyakimya. Mtu anazima wingu akidhani ana nakala, kumbe ana majina matupu. Nunua diski kwa mtu atakayekupa risiti, na ijaribu kabla ya kuikabidhi kazi ya miaka mingi.

Baada ya hayo yote ndipo mama anazima. Anabonyeza kile kiwingu karibu na saa, chini kulia, anaingia kwenye mipangilio, sehemu ya usawazishaji na nakala za akiba, na kuzima folda moja baada ya nyingine. Akiulizwa faili zibaki wapi, achague kwenye kompyuta. Akiona Documents ni tupu, hashtuki sasa, anajua ni kwa nini. Anaenda ndani ya folda ya OneDrive, ananakili zilizomo na kuzibandika kwenye Documents ya kawaida. Anahesabu tena. Mwisho anaingia sehemu ya akaunti na kuitenganisha kompyuta hiyo na OneDrive. Zile alizoshusha zinabaki. Zile zenye wingu la buluu zinatoweka kwenye kompyuta, ingawa mtandaoni bado zipo, na hii ndiyo sababu tulishusha kwanza.

Word na Excel nazo ziangaliwe, maana zinaweza kuendelea kuhifadhi kazi mpya mtandaoni hata kama umezima folda. Kwenye mipangilio yake ya kuhifadhi kuna mahali pa kuchagua kompyuta iwe ya kwanza.

Kuna watu wawili au watatu hapa wameniambia kabla hatujaanza kwamba wao hawana haja ya kuzima, kwani wingu ndiyo nakala yao ya akiba. Kwa heshima, nawapinga kwa nusu. Kusawazisha ni kama kioo: ukivaa kofia nacho kimevaa, ukiivua nacho kimevua. Mtoto akifuta folda nyumbani, inafutika na huko juu. OneDrive ya mtu binafsi hukaa na vilivyofutwa kwa siku 30, ya kazini au shuleni siku 93, baada ya hapo kwaheri. Lakini nusu nyingine nawaunga mkono. Laptopu ikinyakuliwa kwenye matatu, wingu ndilo litakalokuokoa, si diski iliyokuwa kwenye begi lile lile. Kwa hiyo anayezima awe na nakala mbili nje ya kompyuta, na moja isikae nyumba moja na kompyuta. Iwe kwa dada yako, kwa mzazi kijijini, popote. Mimi binafsi sitamzimia mtu yeyote usawazishaji kama hana hata diski moja. Nitamwambia akaitafute kwanza, hata ikichukua mwezi.

Jambo jingine linaniumiza kwa sababu halirekebishiki. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski nzima, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuifungua siku ya shida, wenye tarakimu 48, huwekwa ndani ya akaunti yako ya Microsoft. Kuna mtu akishazima OneDrive hasira humpanda, anafunga akaunti yote. Siku mashine ikigoma na kudai ufunguo, hakuna fundi wa Luthuli, hata awe hodari vipi, atakayeufungua mlango huo. Ingia kwenye akaunti, unakili ufunguo huo kwenye karatasi, uuweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Na kuacha OneDrive hakukulazimishi kufunga akaunti.

Wenye Mac, kwenu ni vivyo hivyo. Ukizima Desktop na Documents kwenye iCloud, ambayo ni wingu la Apple, faili zinabaki ndani ya iCloud Drive, na folda mpya tupu zinazaliwa kwenye kompyuta. Wa Google Drive, tazameni kama programu yenu imewekwa kutiririsha (stream), yaani kukuonyesha faili zilizo mtandaoni, au kuakisi (mirror), yaani kuziweka pia kwenye kompyuta. Ikiwa inatiririsha, mengi unayoyaona hayamo kwenye diski.

Na kama kompyuta ni ya ofisi, acha. Muulize mhusika wa kompyuta kwanza. Kama wewe ndiye mwenye zahanati, shule au sacco, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde taarifa za watu zisipotee wala zisifike mikononi mwa wasiohusika. Diski isiyo na nywila inayozunguka kwenye mkoba wa karani haijatimiza hilo.

Nichukue maswali. Naam, mama hapo mbele.

Mama ameuliza: baada ya kumaliza haya yote, afute lini zile nakala zilizobaki mtandaoni?

Swali zuri sana, shikamoo mama. Usifute wiki hii. Tumia kompyuta kama kawaida mwezi mzima, ufungue faili zako za kodi, za chama, za shule, uone kama kuna iliyokosekana. Kisha uhakikishe hakuna kompyuta nyingine bado imeunganishwa na akaunti hiyo, hata ile ya zamani iliyo chini ya kitanda, kwa sababu ukifuta kwenye tovuti na kompyuta bado imeunganishwa, itafuta na zile zilizo kwenye folda yake ya OneDrive mara itakapopata intaneti. Angalia na simu, kama OneDrive imo. Hapo ndipo uingie kwenye tovuti kwa kivinjari na kufuta, folda moja kwanza, siku mbili tatu baadaye nyingine. Zitaingia kwenye pipa la taka la huko huko mtandaoni. Pipa hilo usilimwage kwa mkono wako. Siku 30 zikiisha litajimwaga lenyewe.