Panipat: walipigana hapa vita tatu, leo wanachana makoti ya Ulaya

Mambo vipi wana familia, habari za huko nyumbani, leo nimewaletea Panipat, wilaya ya jimbo la Haryana, kaskazini mwa Delhi kilomita kama 90 hivi, yaani haifiki hata Dar mpaka Chalinze. Najua wengi wenu mkisikia India mnawaza Taj Mahal au mgonjwa aliyekuja kutibiwa, huku hakuna hayo, huku ni vumbi, malori na viwanda, na hayo makoti mnayoyaona nyuma yangu, subirini nitayafikia.

Oneni kwanza ardhi yenyewe ilivyo, tambarare tupu hata kichuguu hamna, mashariki kule kuna mto Yamuna ndo mpaka na jimbo la Uttar Pradesh, huku wanalima ngano miezi ya baridi na mpunga wakati wa mvua, na katikati imepita barabara kuu ya tangu enzi, Grand Trunk Road, siku hizi wanaiita NH 44. Sasa mtu katoka Afghanistan na jeshi lake anaitaka Delhi, kaskazini ana milima ya Himalaya, kusini magharibi jangwa, atapita wapi? Hapa hapa. Na aliyeko Delhi akitaka kumzuia anamngojea hapa hapa, ndo maana wamechinjana mara tatu.

Ya kwanza 1526, Babur, mtawala wa Kabul kule Afghanistan, kaja na watu kama 12,000, Sultani wa Delhi Ibrahim Lodi ana jeshi kubwa kuliko lake mara kadhaa, tena ana tembo, ila Babur ana mizinga na bunduki, akafunganisha mikokoteni kwa kamba ikawa kama ukuta, kufika adhuhuri kazi imeisha na Sultani kafa. Kaburi lake lipo mjini, jukwaa la matofali tu ndani ya bustani, watu wanapumzika pembeni wanachezea simu. 1556 ikawa zamu ya Akbar, mjukuu wa Babur, dogo wa miaka 14, vita anaiongoza mlezi wake Bairam Khan, na adui yao Hemu, aliyekuwa ameiteka Delhi, alikuwa anashinda kabisa mpaka mshale ukampata jichoni akiwa juu ya tembo, jeshi likatawanyika. Ya tatu ndo mbaya zaidi, Januari 14, 1761, Wamaratha kutoka kusini na Ahmad Shah Abdali wa Afghanistan, Wamaratha walishazingirwa zaidi ya miezi miwili, chakula kimekatwa, wakatoka kupigana na njaa zao, wakafa makumi ya maelfu, na wengine hata si askari, ni familia na mahujaji waliofuatana na jeshi.

Ila mimi naona kilichobadilisha zaidi watu wa hapa ni 1947, India na Pakistan zilipogawanywa. Waislamu wengi wa Panipat, wakiwemo wafumaji, walihamia Pakistan, na Wahindu na Masingasinga wakaja kutoka kule wakaanza upya. Hizi achari mnaziona zinauzwa barabarani, zilianzishwa na familia za wakimbizi wale.

Watu ni wangapi? Sensa ya 2011 ilihesabu 1,205,437, eneo kilomita za mraba 1,268, ukubwa karibu sawa na mkoa wa Dar, ila sisi Dar 2022 tulikuwa zaidi ya milioni 5. Msishangae nawapa namba za zamani, sensa ya 2021 iliahirishwa. Kinachonisumbua ni hii, kwa kila wanaume 1,000 wanawake walikuwa 864! Watu walikuwa wanapima mimba, wakiambiwa wa kike wanaitoa. Kumtajia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni ni kosa tangu sheria ya 1994, ukienda penye utrasaundi utakuta bango ukutani linakwambia hilo, na kampeni ya serikali ya kuokoa mabinti Waziri Mkuu Modi aliizindulia hapa hapa Panipat, Januari 2015.

Haya, makoti sasa. Haya ni mitumba, ya Ulaya na Marekani, sweta na makoti ya sufu yaliyochoka, yanashukia bandari ya Kandla kule Gujarat yanaletwa huku kwa lori. Mcheki huyu mama, kakaa chini, mbele yake kisu kimesimamishwa makali juu, anavuta koti linapasuka, kifungo kule, zipu huku, bitana inatupwa, vifungo vyenyewe navyo vinauzwa. Halafu wanapanga kwa rangi, nyekundu peke yake, bluu peke yake, ili wasitie rangi upya, mashine inachana inakuwa pamba pamba, inasokotwa uzi, unafumwa blanketi. Yale mablanketi ya kijivu ya misaada, yanayogawiwa kwenye mafuriko au kambi za wakimbizi, mengi yametoka huku, na Afrika yanafika. Vumbi la humu ndani lakini, jamani, nusu saa tu koo limekauka na wao wanashinda humo kutwa, wengine hata kitambaa puani hawana. Na biashara yenyewe imeyumba, watu wanataka blanketi laini za poliesta, viwanda vingi vimehamia huko.

Video ijayo naenda kijiji cha Khandra, wilaya hii hii, kwao Neeraj Chopra aliyechukua dhahabu ya mkuki Olimpiki ya Tokyo kwa mita 87.58, wadau wa Julius Yego, mrusha mkuki wa Kenya, msiikose. Na nyie mnaofungua belo Karume na Gikomba, makoti mazito yasiyouzika mnayapeleka wapi? Niandikieni kwenye komenti.