Miguu ya Nyuma Kwanza

ZUHURA: Karibuni tena kwenye mazungumzo yetu ya kuwinda kwa mwewe aliyefunzwa. Leo ni namna ya kummaliza upesi sungura aliyedakwa. Salim, naomba tuanze na sungura wa Jumamosi, maana mlio wake haujanitoka masikioni. Mwewe alimdaka mapajani, kando ya ua wa miiba, nami nikakimbilia kichwa. Alilia karibu nusu dakika.

SALIM: Ukaiacha miguu ya nyuma.

ZUHURA: Nikaiacha.

SALIM: Basi tuanzie hapo, kwa wenzetu wanaowinda huku Uingereza. Sungura wa kondeni ana kilo moja na nusu hivi, mwewe wa Harris jike, aina tunayowindia, ana kilo moja. Teke likimpata, manyoya ya mkia yanavunjika, na unyoya uliovunjika haurudi mpaka abadilishe manyoya. Tena sungura akiweza kukaza miguu chini, anamburuta mwewe mpaka miibani.

ZUHURA: Na wale wa Maskati wanaouliza mbona shahini wao, ndege wa kuwinda wa jamii ya kozi, hawana shida hii?

SALIM: Shahini ana pembe kama jino pembeni mwa mdomo, anauma shingo, mfupa unaachana. Mwewe hana. Yeye kazi yake ni makucha. Akishika kichwa, sungura anakufa upesi. Akishika nyonga, hakuna kiungo cha uhai kilichoguswa, naye mwewe ataanza kunyonyoa na kula, sungura bado anapumua. Ndiyo maana lazima mtu afike haraka.

ZUHURA: Afike vipi? Mimi hukimbia, ila hatua kumi za mwisho natembea, kisha napiga magoti.

SALIM: Vizuri, na usitokee mgongoni kwa mwewe. Mkono wa kushoto, wenye glavu, unashika miguu yote miwili ya nyuma juu ya kifundo, unamnyosha. Mwili ukinyooka, teke linakwisha nguvu. Mkono wa kulia unapita mgongoni, chini ya mwewe, mpaka nyuma ya masikio. Kidole gumba na cha shahada vinakumbatia shingo pale pale fuvu linapoishia, vingine vinaingia chini ya kidevu. Sukuma kichwa mbele, kiinamishe kuelekea mgongoni, huku kushoto unavuta miguu. Mwendo mmoja, bila kusita.

ZUHURA: Niseme linaloharibika hapo. Vidole vikikaa katikati ya shingo badala ya kugusa fuvu, unaachanisha mifupa ya chini. Sungura anapooza, halii tena, nawe unadhani amekufa, kumbe ana fahamu zake zote.

SALIM: Kwa hiyo papasa nyuma ya fuvu. Ukikuta pengo ambalo ncha ya kidole inaingia, umepata. Halafu gusa mboni ya jicho kwa ncha ya jani. Kope ikicheza, bado. Rudia papo hapo. Miguu ikitapatapa baada ya hapo ni mishipa tu, angalia jicho na kifua.

ZUHURA: Na kuminya kifua? Nimeona watu wakiminya kware mbavuni.

SALIM: Waache. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kimekataa kabisa njia hiyo kwa mnyama mwenye fahamu. Ni kumnyima pumzi na kumbana moyo huku anajua.

ZUHURA: Sawa, amekufa. Namfunika kwa kanga, namwonyesha mwewe nyama juu ya glavu…

SALIM: Kanga?

ZUHURA: Kanga.

SALIM: Zuhura, kanga ina karibu mita moja na nusu kwa mita moja. Upepo wa Februari ukiipiga, mwewe anaruka na sungura wake.

ZUHURA: Naikata robo. Ni pamba, laini, nikirudi naifua, damu inatoka kwa maji baridi.

SALIM: Uzi je? Kucha ni ndoano. Inapenya, uzi unazunguka kidole, mwewe akivuta unakaza. Tumia turubai au ngozi, sentimita arobaini kila upande, rangi ya udongo.

ZUHURA: Ngozi ikilowa inakuwa ngumu, haikai juu ya mzoga. Mwewe anaona sikio limetokeza, anarudi pale pale. Kanga inajilaza.

SALIM: Pindo umelishona?

ZUHURA: Mara mbili.

SALIM: Basi hatari imepungua, haijakwisha. Sogea mbele, tuna ratiba.

ZUHURA: Mbele ndiko niliko. Kanga naitoa mapema kuliko wewe, kwa sababu mimi nachinja.

SALIM: Hapo siko nawe.

ZUHURA: Nimepiga bismillahi wakati wa kumrusha mwewe. Mwewe akimuua kabla sijafika, Aya ya 4 ya Suratul Maida imeniruhusu. Nikimkuta hai, hadithi ya Adiy bin Hatim iko wazi: mchinje. Ukimvunja shingo akafa mkononi mwako, huyo ni mzoga. Hupiki.

SALIM: Sipiki, namlisha mwewe. Na hata kwa mpishi, nakuuliza kuhusu huyo sungura. Kisu kikipita kooni fahamu hazikatiki papo hapo; zinapita sekunde. Shingo ikiachana penye fuvu, naamini sekunde hizo zinapungua.

ZUHURA: Kisu kikali, cha sentimita nane, koromeo na umio na mishipa miwili kwa mpito mmoja, sekunde hizo ni chache. Wewe unahesabu mkono wako ukiwa sawa. Mkono wa mwanafunzi ukikosea shingo, ni sekunde ngapi?

SALIM: Mkono huohuo wa mwanafunzi unaupa kisu sentimita mbili kutoka vidole vya mwewe, mnyama anatikisika?

ZUHURA: Ndiyo kazi ya kanga! Naikunja mara nne, naipitisha kati ya mguu wa mwewe na koo, nakata upande wa pili.

SALIM: Kitambaa hakizuii kisu kikali.

ZUHURA: Hakizuii, kinamficha damu na kinampa mguu pa kubana. Na akishika kichwa chenyewe kwa miguu yote miwili, sikati mpaka nimepata nafasi ya vidole vitatu.

SALIM: Wakati unaitafuta nafasi hiyo, sungura yuko hai. Mimi vidole vyangu vinapita chini ya kucha, nimeshamaliza.

ZUHURA: Umemaliza, lakini si chakula cha nyumba yangu. Siwezi kukubali.

SALIM: Nami siwezi kumweka akingoja.

ZUHURA: Ebu, saa! Zimebaki dakika mbili. Tulikuwa na kindi, kware…

SALIM: Na tularemia, ugonjwa wa sungura unaoambukiza watu, kwa walioko Marekani. Hayatoshi. Kwa kindi neno moja: meno yake yanakata kidole cha mwewe, usimguse bila glavu nene mikono yote miwili. Na ukimbadilishia mwewe windo lake, weka paja la kifaranga kwenye glavu, umwache apande mwenyewe. Usimnyang'anye, atajifunza kubeba na kukukimbia.

ZUHURA: Na afunikwe kwa…

SALIM: Turubai.

ZUHURA: Robo kanga, pindo mara mbili. Nitakuletea moja Jumamosi, uijaribu kondeni.

SALIM: Ilete. Nitakuja na ngozi yangu, imepakwa mafuta.