Kuzoesha injini mpya ya pikipiki: usiichape, usiidekeze

Ndugu mafundi na madereva, karibuni. Injini ikishafumuliwa na kufungwa upya, mwenye pikipiki huambiwa: "Nenda taratibu, mwendo mmoja." Nusu ya ushauri huo ni kosa.

Tuanzie ndani ya silinda. Ukuta uliotoka kuchongwa una mistari midogo inayopishana. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake husugua ringi za pistoni mpaka zikae sawasawa. Sasa, ringi yenyewe haina nguvu kubwa ya kujitanua. Kinachoikandamiza ukutani ni gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake. Ukivuta mafuta kidogo tu, gesi ni hafifu na ringi haisagiki. Oili inaungulia ukutani, inaacha utando mgumu unaong'aa kama kioo, na ringi inabaki kuteleza juu yake. Utaona moshi wa bluu na oili inapungua kila wiki. Dawa ni kufungua tena na kuchonga mistari upya. Kwa hiyo ile desturi ya kuiacha injini ingurume saa nzima imesimama, tuiache.

Kabla ya kufunga, osha silinda kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haiondoi unga wa kuchongea. Kausha, paka oili papo hapo, maana kutu haichelewi. Midomo ya ringi, yaani pale ncha zake mbili zinapokutana, isipangane mstari mmoja, iachanishe. Ukishajaza oili, piga kiki mara ishirini hivi swichi ikiwa imezimwa, plagi imetolewa, ili pampu ipandishe oili juu kwenye valvu.

Oili iwe ya kawaida ya madini, yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayofanya kazi ndani ya oili itateleza.

Washa, ipashe dakika mbili tatu, kagua kama kuna uvujaji, kisha ondoka. Kwenye barabara iliyo wazi, gia ya tatu, vuta mafuta kwa ulaini mpaka nusu, baadaye robo tatu ya mkono. Halafu funga mafuta kabisa, acha gia ipunguze mwendo. Rudia mara kadhaa, kisha iache ipoe. Hadi kilomita 500 badilisha-badilisha mwendo. Usiifikishe mwisho, usipande mlima kwa gia kubwa huku injini inagugumia, na usipakie mzigo mzito. Pikipiki mpya ya kiwandani ina kitabu chake. Mipaka yake ifuatwe.

Kwa injini iliyofumuliwa, oili ya kwanza imwage ikiwa ya moto baada ya kilomita 50 hadi 100, ya pili kwenye 500. Itazame juani. Vumbi laini la fedha ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuokota kwa ukucha huenda vinatoka kwenye beringi au gia: usiiwashe tena, fungua.

Pima pia nafasi ya valvu, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, injini ikiwa imepoa kabisa. Valvu mpya huzama kidogo kwenye kiti chake na nafasi hupungua. Ya ekzosi isipofunga vizuri huungua, na lawama huangukia ringi bure.