Jamani, sijajiunga na jeshi la Marekani!

Haya wanangu, mambo vipi. Niko kwenye gari, zamu inaanza saa nne usiku, nina kama dakika ishirini hivi, mnivumilie na kelele za nje. Tangu niposti ile picha nimevaa koti la bluu lenye vifungo vya shaba, komenti ni hiyo hiyo: kaka umeingia jeshini? Unacheza muvi? Wanakulipa shingapi? Mwingine kanifuata inboksi kabisa, eti nimekosa kazi ya maana mpaka nashinda na wazee wanaocheza kombolela na bunduki.

Sijaingia jeshini. Sio muvi. Na hawanilipi hata mia, tena mimi ndo natoa hela ya mafuta kufika huko. Koti lenyewe nimeazimwa, maana ukinunua seti nzima mpya, koti, suruali, kofia, viatu, mkoba na bunduki, kodi yangu ya mwezi inaisha yote na bado haitoshi. Halafu ni sufu nzito, sasa mwezi wa saba hapa Philadelphia joto lake kama Dar, jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Anayesema najimwambafai aje alivae yeye.

Ni hivi. Kuna vikundi huku, watu weusi, wengi wastaafu, wanaigiza askari weusi waliopigana ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya hapa Marekani, 1861 hadi 1865, serikali na majimbo ya kusini yaliyojitenga yabaki na utumwa. Mimi nilichokuwa sikijui ni kwamba weusi karibu 179,000 waliingia jeshi la nchi kavu la serikali, na kama 19,000 wakaenda majini. Hapa nje ya mji tu, Cheltenham, kulikuwa na kambi inaitwa Camp William Penn, ilifunguliwa 1863, karibu watu 11,000 walifundishwa kwata pale. Na mimi miaka miwili napita maeneo hayo hayo kwenda kumuogesha bibi ninayemhudumia, sijui chochote.

Nilivyoingia, niseme ukweli, ni njaa. Nimetoka zamu, nikaona moshi wa kuni kwenye bustani, nikajua pana nyama. Nikapewa biskuti. Biskuti gani, kigae! Unga, maji na chumvi, askari wa enzi hizo walikuwa wanaiponda kwa kitako cha bunduki wanailoweka kwenye kahawa. Naihangaikia na jino, mzee mmoja dereva mstaafu wa basi akaanza kunihadithia habari ya mshahara.

Mzungu dola 13 kwa mwezi. Mweusi 10, halafu hapo inakatwa 3 ya nguo, mkononi 7. Kikosi cha 54 cha jimbo la Massachusetts, cha askari weusi, wakagoma. Kupigana wanapigana, kupokea ndo hawapokei. Jimbo lao likasema basi sisi tutajazia hiyo iliyopungua, wakakataa vilevile, wanataka serikali yenyewe iwalipe kama askari wengine. Mwaka na nusu hivi bila senti, na ndani ya muda huo ndo walipanda ngome ya Fort Wagner, Julai 18, 1863, wakauawa wengi, na huku nyumbani wake zao wanahangaika na watoto. Bunge lao lilikuja kusawazisha mshahara Juni 1864.

Mimi mwaka wa kwanza huku nilikuwa na wakala, simtaji, akanikata hela ya sare na ya semina ambayo sijawahi kuiona. Nikapokea iliyobaki. Na asante nikasema. Sasa unaelewa kwa nini ile biskuti ilinikwama.

Halafu makaratasi ndo usiseme. Mnajua kesi yangu ya jina, herufi moja tu, pasi inasema hivi cheti cha kuzaliwa kinasema vile, miezi minane, viapo, mkalimani, hela. Sasa Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwa akarudi kuwatorosha wengine, mumewe Nelson Davis alikuwa kikosi cha 8 cha weusi, ila jeshini aliandikwa Nelson Charles. Mume kafa 1888, mama wa watu ikabidi ahangaike kuthibitisha kwamba huyu ndo yule. Pensheni ya ujane imekuja kutoka 1895, dola 8 kwa mwezi! Na wajane wengine waliokuwa watumwa cheti cha ndoa wangekitoa wapi, ilikuwa ni kutafuta majirani waje waape kwamba tuliwaona wanaishi pamoja.

Kuna aliyeandika eti nashobokea historia ya watu, ya kwetu naijua? Ndugu yangu, Kariakoo unapita kila siku, hilo jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Lini umeona mtu amevaa kama wao akawaeleza watoto pale sokoni? Mimi sijaona, labda wewe.

Na mnaoniuliza mjiunge vipi, mimi sio wa kumshauri mtu, kila mtu na karatasi zake. Mimi bunduki sigusi mpaka karatasi zangu zikae sawa, sitaki maswali. Nakaa kwenye hema nawaonyesha watoto zile risasi zilizofungwa kwenye karatasi pamoja na baruti, ila baruti imetolewa, nawaambia zilikuwa zinachanwa kwa meno, kwa hiyo ukitaka uaskari lazima uwe na meno ya mbele. Basi wote wanaanza kunionyesha meno, na jumamosi iliyopita mmoja akalia kwa sababu mawili yametoka.

Haya, bibi ananisubiri, naingia.